Marehemu wa Chumba cha Baridi

Magamba alilia vizuri mno. Alilia kwa leso iliyopigwa pasi, akifuta jicho la kulia, kisha la kushoto, na hapo katikati akapata nafasi ya kuchungulia kama Inspekta anamwangalia. Inspekta alikuwa anamwangalia. Alikwisha kaa na wafiwa wengi kazini, na hakuwahi kuona mwenye uchungu akikumbuka zamu ya macho.

"Walikuwa wanangu, afande," Magamba alisema. "Nimewaagiza kutoka ng'ambo, nimehangaika na vibali, halafu mtu anakuja anawatia kwenye baridi kama samaki."

"Pole sana, baba watoto. Wamekwenda wote?"

"Nusu. Waliobaki kwenye korido wako salama. Lakini nusu, afande! Nusu!"

Kituoni Inspekta huyu walimwita Polepole. Wengi walidhani ni kwa sababu ya magoti yake, ambayo kweli yalikuwa yamechoka kabla ya mwenyewe. Lakini jina lilitokana na namna yake ya kuuliza maswali, taratibu, kama mama anayechagua nyanya sokoni, akiligeuza kila moja. Zamani alikuwa kitengo cha mauaji. Kisha akamtania mkubwa mmoja asiyetaniwa, na asubuhi iliyofuata akajikuta kitengo cha makosa ya wanyama, pamoja na koplo mmoja mwenye mwili wa mnyanyua vyuma na woga wa mijusi. Hakulalamika. Marehemu wa kitengo kipya, alisema, angalau ndugu zao hawakuja kumpigia kelele ofisini.

Ghala la mizigo la uwanja wa ndege lilinuka makaratasi na dizeli. Upande mmoja palikuwa na korido ndefu yenye joto, na upande wa pili chumba cha baridi kilichotengwa kwa maua na chanjo. Masanduku ya Magamba yalikuwa ya mbao, yametobolewa ubavuni. Ndani ya kila sanduku mlipangwa mifuko ya kitambaa iliyofungwa shingoni kwa uzi, na ndani ya kila mfuko mlikuwa na mijusi wa jangwani: wanene, wa rangi ya mchanga, wenye mikia ya miba. Watu huwanunua wakawaweka sebuleni kwenye sanduku la kioo, wageni wakija wapate cha kuulizia.

Asubuhi hiyo nusu ya masanduku yalikutwa kwenye chumba cha baridi. Mijusi waliokuwamo walikuwa wamekauka kama vijiti. Daktari wa mifugo wa uwanja aliwasikiliza, akatikisa kichwa, akatamka kwamba wamekufa. Kwa kanuni za uwanja, mizoga ilipaswa kwenda kwenye tanuru la taka. Magamba aliomba apewe mwenyewe, akawazike kwa heshima nyuma ya nyumba yake. Pikapu yake ilikuwa tayari imerudishwa kinyumenyume hadi mlangoni.

"Mtu mwenye huruma," Koplo alinong'ona.

"Sana," Polepole alisema. "Mimi mume wangu alipofariki, gari la kubeba maiti lilichelewa."

Aliyetupiwa lawama ni msimamizi wa ghala, mtu mwembamba, mkimya, aliyeitwa Komeo kwa vile hakuna mlango aliowahi kuusahau wazi. Meneja alikwisha sema hataki kumwona tena. Unga wa Komeo ulikuwa umemwagika nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa mikononi mwa Polepole: akiandika kwamba mtu huyu aliwaua wanyama kwa uzembe, anatoka hapo kwa pingu.

Alimkuta ofisini mwake, chumba kidogo chenye funguo zilizoning'inizwa kwa mistari iliyonyooka kama wanafunzi wa shule kali. Chai yake ilikuwa imeganda utando juu.

"Nani aliyeingiza masanduku kwenye baridi?"

"Mimi, afande."

"Kwa nini?"

"Nilikosea. Nilidhani ni maua."

Polepole alivuta kiti, akakikalia taratibu, magoti yakalia kwanza. "Nimepita pale koridoni sasa hivi. Masanduku yanakwaruzwa kutoka ndani. Wewe miaka yote hii umepokea maua yanayokwaruza?"

Komeo alitazama chai.

"Yameandikwa pembeni, kwa rangi nyekundu: wanyama hai. Herufi kubwa hizo hata mimi nimezisoma bila miwani."

"Andika tu nilikosea. Nitasaini."

"Una haraka ya kwenda wapi? Jela hawafungi saa za ofisi." Alisubiri. Komeo hakucheka. "Huyu Magamba mnajuana?"

"Ni mteja."

"Mteja tu?"

"Na shemeji. Ameoa dada yangu."

"Aa. Kwa hiyo shemeji mmoja analia kule, na shemeji mwingine ananyamaza huku. Mmegawana kazi vizuri. Dada hajambo?"

"Hajambo. Ana mtoto mchanga." Sauti ilimpungua kidogo hapo. "Nilikosea, afande. Hakuna zaidi."

Polepole alitoka akiwa na shaka mbili badala ya moja. Wazembe wote aliowahi kuwahoji walijitetea: taa ilikuwa mbovu, mwenzangu aliniambia, nilikuwa na homa. Huyu alikuwa anaipigania hatia kama mtu anayegombea kiti.

"Kwa maoni yangu," Koplo alisema walipokuwa wakivuka ghala, "ni mshindani. Kuna muuza nyoka mmoja mjini, hawapatani na Magamba. Angeweza kumlipa mtu aingie."

"Akaingia wapi? Mlango una kufuli mbili na hazina mkwaruzo. Tena huyo mshindani akaua nusu, akaiacha nusu ya pili koridoni, hatua chache tu. Ungemlipa mtu wa hivyo?"

"Nisingemlipa."

"Ndiyo maana wewe si muuza nyoka."

Daktari alikuwa kijana wa kike mwenye koti jeupe lililomzidi, ameshika tama mbele ya meza ya chuma iliyotandikwa mijusi. Polepole alimpenda kwa kitu kimoja: alionekana ana wasiwasi na jibu lake mwenyewe.

"Uliwasikiliza mapigo?"

"Niliwasikiliza, shangazi, samahani, afande. Sikusikia kitu. Lakini nilitaka tusubiri kwanza jua lipande. Hawa ni wanyama wa damu baridi, mwili hufuata joto la mahali. Mwenye mali akanijia juu. Akasema wanaoza, wataambukiza waliobaki, na mimi ndiye nitakayejibu. Nikasaini."

"Alikuharakisha."

"Alinisimamia begani."

Polepole alimchukua mjusi mmoja, akamtia kwenye mfuko wa khaki, akamkabidhi Koplo ampeleke garini, tayari kwa maabara. Koplo aliupokea kwa vidole viwili, mkono umenyooka, uso umegeukia upande wa pili, akaondoka hivyo ghala zima likimtazama.

Kisha Polepole akavaa miwani na kuanza kuwapekua marehemu. Hakujua lolote kuhusu mijusi. Alijua kuhusu miili. Alianza alikozoea kuanza, kwenye kucha. Zilikuwa zimevunjika, nyingine zimeng'oka kabisa, kana kwamba mtu amevutwa kutoka shimoni naye hataki. Shingoni mwa wawili watatu palikuwa na alama ya duara, nyembamba, ya kitanzi. Akainua mkono mmoja mdogo. Kwapani walijazana kupe, wamevimba kama kunde.

"Daktari, njoo uone. Hawa wa koridoni nao wana hivi?"

Wakaenda wakafungua mfuko mmoja wa koridoni. Mijusi wa humo walikuwa safi, kucha nzima, hakuna kupe hata wa kusingizia. Mmoja alimtazama Polepole mkononi, akatoa ulimi, akingoja alishwe.

"Hawa wamezaliwa kwa mfugaji," Daktari alisema taratibu. "Wamezoea mkono wa mtu. Wale wa mezani ni wa porini. Wamenaswa. Na kibali cha Magamba ni cha mijusi wa kufugwa peke yake."

"Na wale wa mezani, wangekuwa hai, wangefanywaje leo?"

"Wangekaa karantini kwangu. Ningewakagua mmojammoja. Hao kupe ningewaona siku ya kwanza."

"Lakini mzoga haukaguliwi."

"Mzoga unachomwa."

Polepole alizunguka meza. Mifuko ya koridoni yote ilifungwa kwa uzi mweupe. Mifuko ya chumba cha baridi, kila mmoja, kwa uzi mweusi. Nyuzi zilikuwa zimefungwa huko walikotoka, na kwenye mifuko ambayo haijafunguliwa, lakiri ya msafirishaji ilikuwa bado imezishika. Baridi gani hiyo, iliyojua kuchagua? Mtu aliyedhani ni maua angechukua masanduku ovyo. Huyu alichagua ya uzi mweusi bila kukosea hata moja, maana yake aliambiwa. Na wa kumwambia maana ya uzi ule alikuwa mtu mmoja tu, yule mwenye leso.

Hapo hesabu ikamgomea. Mtu anatoa pesa zake, anasafirisha mijusi wa magendo kuvuka nusu ya dunia, halafu anawaua mlangoni pa nyumba? Kama ni kuogopa ukaguzi, kwa nini awalete?

Koplo alirudi. Alisimama mlangoni akiwa amenyooka sana, kofia ameiondoa kichwani na kuikumbatia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kutoa ripoti kwa utaratibu.

"Afande, yule marehemu."

"Amefanya nini?"

"Ametoka kwenye mfuko. Yuko kwenye dashibodi, anaota jua. Nilipofungua mlango alinitazama vibaya."

Daktari aliweka mikono mdomoni. Polepole akacheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, akavua miwani na kuifuta.

"Hawakufa," Daktari alisema. "Wamezizima. Moyo hupiga mara moja moja mno, nami nikasikiliza haraka. Afande, nimesaini watu hai, yaani, mijusi hai."

"Ulisimamiwa begani. Tulia." Polepole alivaa miwani tena. "Unawazimisha kwa baridi, unawalilia, unawapeleka kwako ukawazike, ukifika unawapasha joto. Waliosafiri kwa kibali wanapita mbele, wasio na kibali wanapita mlango wa nyuma wakiwa maiti. Na wote wanaamka?"

Daktari alimtazama mjusi mmoja aliyelala chali, tumbo limeingia ndani, macho yamezama. "Hawa walirundikwa mfuko mmoja, wa juu akimkalia wa chini, siku zote za safari bila maji. Ukiongeza baridi hiyo, wapo wasioamka. Yeye atakuwa anajua."

"Anajua. Wanaobaki wanamtosha." Aliupima mlango kwa macho, kisha saa ya ukutani. "Usiwapashe bado. Nipe muda kidogo, kisha andaa beseni za maji ya uvuguvugu. Koplo, nenda kwa mchomaji taka, umuulize jambo moja kisha urudi uniambie sikioni."

Koplo alikwenda, akarudi, akainama akanong'ona. Polepole aliitikia kwa kichwa.

Tanuru la taka lilikuwa nyuma ya ghala, kwenye uwanja wa saruji, kubwa, jeusi, lenye mlango wa chuma unaolia ukifunguliwa. Mchomaji taka, mzee mwenye glovu zilizomfika kiwiko, aliegemea koleo lake. Mifuko yenye uzi mweusi ilipangwa kwenye toroli. Magamba aliitwa, akaja na leso. Komeo aliitwa, akaja na funguo zake kiunoni, akasimama mbali na shemeji yake.

"Bwana Magamba," Polepole alisema, "nimefikiria ombi lako. Kuzika haiwezekani. Kanuni zinasema moto. Nimekuita uwaage."

Leso ilisimama njiani. "Afande, si nilieleza? Ni wanangu hawa. Niachie niwastiri mwenyewe."

"Ningependa. Lakini naweza kukuruhusu kama una sababu. Una sababu yoyote ya kutowachoma? Yoyote? Sema, tutasimamisha."

Aliuliza kwa sauti ile ile ya kuchagua nyanya. Magamba alitazama toroli. Alitazama tanuru. Alimtazama Inspekta, akayaona macho yake, na bila shaka aliona pia jinsi karantini ilivyo, kupe walivyo, mahakama ilivyo. Akaikunja leso mara mbili, akaitia mfukoni.

"Kanuni ni kanuni," alisema. "Chomeni."

"Shemeji," Komeo alisema.

"Nyamaza wewe. Umeshaharibu vya kutosha."

Mzee wa glovu alifungua mlango. Chuma kikalia. Alichukua mfuko wa kwanza, akaupima mkononi, akageuka. Alikuta mtu kati yake na mlango. Komeo alikuwa amesimama mbele ya tanuru, mgongo umeligusa, mikono ameitandaza.

"Usiwatie. Wako hai."

"Huyu amechanganyikiwa," Magamba alisema. "Ameona kazi inamtoka."

"Wako hai, afande. Wamelala tu. Aliniambia nitie ya uzi mweusi kwenye baridi, aliniambia wakilala hawaumii, akifika kwake wanaamka, hakuna anayedhurika. Nimefanya hivyo na safari iliyopita. Aliniambia nikisema, dada atarudi nyumbani na mtoto mgongoni." Akamgeukia Magamba, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipanda. "Lakini hukuniambia utawaunguza wazima. Ungewaacha waungue, wewe? Umesimama tu hapo?"

"Maneno matupu. Hana ushahidi."

"Shahidi wa kwanza yuko garini kwangu," Polepole alisema, "anasubiri kuhojiwa. Ameshamtia Koplo hofu. Na sasa, kwa ruhusa yako, Koplo atafunua turubai la pikapu yako."

Magamba hakutoa ruhusa, wala hakuombwa mara ya pili. Chini ya turubai kulikuwa na mablanketi, na katikati ya mablanketi kulikuwa na chupa za maji ya moto, zimefungwa vizuri kwa taulo, zote bado zina joto. Koplo aliinua moja, akaishika shavuni.

"Kwa maiti, hii ni huduma ya hali ya juu," alisema.

Magamba aliketi kwenye ubavu wa toroli. Hakulia. Aliomba wakili, akaomba taratibu na kwa adabu, na Polepole akamwambia atampata, wakili na kiti cha nyuma cha gari, ila asogee kidogo, maana amekalia mfuko.

"Na wewe mzee," Komeo alimwambia mchomaji taka, akiwa bado amelikinga tanuru, "lizime kwanza hilo."

"Lizimwe lipi? Halina mafuta tangu juzi. Koplo wa huyu afande alikuja kuniuliza, nikamwambia. Wewe mgongo hausikii? Chuma kiko baridi."

Komeo aligeuka, akaweka kiganja kwenye mlango wa chuma, akakiacha hapo. Kisha akateleza chini akakaa kwenye saruji.

Walitandaza mijusi uwanjani, juani, safu kwa safu juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Daktari alipita na beseni, akiwachovya miguu na matumbo kwenye maji ya uvuguvugu, akiwatoa kupe kwa kibano. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha mkia mmoja ukajikunja. Jicho likafunguka, likafumba, likafunguka tena. Mjusi wa pembeni alianza kunywa, kichwa chini, koo likipanda na kushuka, akanywa muda mrefu kama mtu aliyerudi kutoka shamba. Uwanja ukaanza kukwaruza. Koplo alijikuta amepewa beseni, akawa anahudumia akiwa amefumba jicho moja.

Si wote walioamka. Daktari aliwasubiri, akawageuza, akawasikiliza kwa muda mrefu, na safari hii hakuna aliyemsimamia begani. Wasioamka aliwaweka upande wa kivuli, akawafunika kwa koti lake jeupe. Koti halikutosha, ikabidi aombe kipande cha turubai.

Polepole alimwendea Komeo, akatafuta ndoo ya kukalia.

"Utashtakiwa," alimwambia. "Sikudanganyi. Lakini kwa ulichofanya wewe, si kwa alichofanya yeye. Hayo mengine utayasema mbele ya hakimu, nami nitasema ni nani aliyesimama mlangoni na ni nani aliyesema chomeni."

"Na kazi?"

"Kazi sijui. Meneja wako ana sura ya mtu asiyebadilisha mawazo, lakini nitamchagulia maneno."

Komeo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anamtazama shemeji yake akiingizwa garini, akiinamishwa kichwa na mkono mpana wa Koplo.

"Mtu wa kituo chako ndiye atakayempigia dada?"

"Ndiyo utaratibu. Wakishamwandikisha."

"Naomba nitangulie."

Polepole alifikiria. Utaratibu ulisema hapana. Alijishika magoti, akainuka, akaenda kusimama kwa Daktari, mgongo ameuelekeza kwa Komeo, akauliza kwa sauti ya juu kuhusu kupe, maswali mengi kuliko aliyokuwa nayo.

Nyuma yake simu iliita kwa muda mrefu. Kisha mtoto mchanga akasikika akilia kwa mbali, na juu ya kilio hicho mwanamke akisema haloo, haloo, kaka, mbona kimya.

"Dada," Komeo alisema. "Mpe mtoto kwanza mtu amshike. Halafu ukae."